Nyimbo Zilizosahauliwa, Jumapili Saa Tisa

Jumapili, 8 Januari

Theluji inchi sita. Mwaka huu nimeamua kuandika, kwa sababu nisipoandika nitasema, na nikisema Toivo atanisahihisha.

Kwa atakayelisoma daftari hili nikishakufa: jina langu Marlys Rautio, umri miaka sitini na sita, dereva mstaafu wa basi la shule. Toivo Rautio alikuwa mume wangu kwa miaka thelathini na moja. Tumeachana miaka sita sasa. Tuligawana santuri elfu mbili kwa zamu, yeye moja mimi moja, mbele ya mwanasheria aliyekuwa anasinzia. Kitu pekee kilichotushinda kugawana ni kipindi chetu kwenye redio ya mji wetu wa Pike Harbor. Kinaitwa Upande wa Pili. Kila Jumapili saa tisa alasiri tunapiga nyimbo ambazo hakuna anayezijua, za wanamuziki wa roki ambao kila mtu anawajua. Sisemi wale walioshindwa maisha. Nasema wale wakubwa wa kujaza viwanja, ambao kila redio inapiga nyimbo zao nne zilezile tangu nikiwa msichana, na nyingine mia zimefukiwa mwishoni mwa albamu kama nguo za mtoto aliyekua.

Sheria ni moja. Kila mmoja wetu analeta wimbo. Msikilizaji akipiga simu na kuimba kiitikio kabla wimbo haujaisha, wimbo umeungua, na aliyeuleta anampikia mwenzake pasti, andazi la kuokwa lenye nyama na viazi ndani.

Wangu leo umeungua sekunde ya arobaini. Aliyepiga simu ni mchungaji wa Kilutheri, na aliimba vizuri. Toivo akacheka, halafu akanisahihisha hewani kwamba mpiga dramu niliyemtaja hakujiunga na kundi mwaka sabini na moja bali sabini na mbili. Mwezi wa tatu.

Jumatatu, 9 Januari

Nimepika pasti ya Toivo. Sikutia chumvi. Si kwamba nilisahau.

Jumapili, 15 Januari

Inchi tisa. Katapila la theluji limepita mara mbili na mara zote mbili limenizibia njia ya gari.

Baada ya kipindi Janelle Pelkey alituita. Janelle ni mkuu wa vipindi, ana miaka thelathini na minne na uso wa mtu ambaye kila siku anazima moto wa mtu mwingine.

"Mama Marlys, mzee Toivo, kaeni basi."

"Viti viko viwili na wewe umekalia kimoja," akasema Toivo.

Janelle akasimama. Akasema wasikilizaji wanalalamika kwamba tunagombana hewani. "Wiki iliyopita mmebishana dakika nne nzima kuhusu mpiga dramu aliyekufa."

"Hajafa," akasema Toivo. "Anaishi Arizona."

"Ndiyo hayo sasa ninayosema, mzee wangu."

Kisha akamwaga mtama. Skip Bouchard, yule wa kutengeneza pikipiki za theluji, anataka saa yetu. Janelle amempa nusu. Nusu inayobaki haitoshi watu wawili wenye midomo kama yetu, kwa hiyo mmoja wetu ataondoka. Atahesabu simu za wasikilizaji, wimbo wa nani umepigiwa simu ngapi, kuanzia wiki ijayo mpaka Jumapili ya tarehe 26 Machi. Mwenye nyingi abaki.

"Hiyo si haki," nikasema.

"Kihesabu ni haki," akasema Toivo. "Kiutu ndiyo si haki. Hivyo ni vitu viwili."

Naandika wazi ili nisijidanganye baadaye. Nakitaka kipindi kile. Nakitaka kuliko ninavyotaka goti jipya. Nilipokuwa naendesha basi watoto sitini walinyamaza nikikohoa tu. Sasa saa pekee ambayo kuna mtu ananisikiliza ni ile ya Jumapili, na hata hiyo kuna mwanamume ameketi pembeni yangu ananikatiza. Nikiipata peke yangu, hata ikiwa nusu, nitasema mwaka sabini na moja na hakuna mtu atakayenigusa.

Jumapili, 22 Januari

Toivo simu kumi na nne. Mimi sita, na moja kati ya hizo alikuwa mtu aliyekosea namba, akitafuta daktari wa meno.

Jumatano, 25 Januari

Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Betri ya gari imegoma.

Jumamosi, 28 Januari

Nimepata kitu.

Mjane wa aliyekuwa fundi wa redio alikuwa anauza vitu vya marehemu kwenye gereji yake. Nilikwenda kutafuta koleo la theluji. Chini ya meza kulikuwa na boksi la santuri, na ndani yake santuri moja kubwa yenye lebo nyeupe tupu. Juu ya lebo mtu ameandika kwa kalamu: Thunder Parish, 1978, kwa matumizi ya redio tu.

Thunder Parish. Kundi ambalo wimbo wao unapigwa kila timu ya hoki ya nchi hii inapofunga bao. Denny Farrow na ile sauti yake ya juu kama filimbi ya treni. Nina albamu zao zote, yaani nilikuwa nazo zote, sasa nina nusu. Santuri hii sijawahi kuiona wala kusikia mtu akiitaja.

Nimeiweka kwenye kinanda cha santuri nikiwa bado na koti. Nilitegemea kelele. Nilichosikia ni gitaa linalotembea polepole kama mtu anayerudi kutoka mazishini, na dramu nzito, na kwa mbali sauti nene ya kunguruma, inayokuja na kupotea, kama honi ya meli kwenye ukungu. Kisha mwanamume akaanza kuimba. Si Denny. Huyu ana sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu aliyelia mpaka akaishiwa.

*Toka majini, Maybelle, jua limeshatua,*
*nimesimama ufukweni, taulo nimechukua,*
*chakula chako chapoa, nani atakitumia,*
*toka majini, Maybelle, baridi yaingia.*

Nimelia. Mimi, ambaye nilimzika mama yangu kwa macho makavu. Nimelia nikiwa nimesimama kwenye zulia na viatu vya theluji. Mwanamume yule amesimama ufukweni na taulo na mkewe hatatoka majini kamwe, naye anajua, bado anamwita. Na Thunder Parish walikuwa na wimbo huu na hawakuutoa. Wakatuachia ule wa hoki.

Jumapili, 29 Januari

Nimeupiga.

Mimi ndiye ninayeshika sindano studio, kwa sababu mikono ya Toivo inatetemeka. Santuri kubwa, mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, nikaishusha polepole. Sekunde tatu tu Toivo akafungua mdomo. Nikamtazama kwa jicho lile ambalo zamani lilinyamazisha basi zima, lakini nadhani hakuliona, alikuwa anaangalia mashavu yangu, maana machozi yalishaanza. Akaufunga mdomo. Akanywa kahawa yake, ambayo ilikuwa imeshaisha.

Hakuna aliyeimba kiitikio. Simu thelathini na moja. Mwanamke mmoja wa huko kwenye migodi ya zamani alipiga akashindwa kusema, tukamsikia anapenga kamasi tu, kisha akakata.

Toivo simu tatu.

Jumapili, 5 Februari

Wameutaka tena. Sheria yetu inakataza kurudia wimbo, lakini Janelle alisema sheria ni ya watu na watu wanataka Maybelle. Simu arobaini na nne.

Mjadala ni nani anaimba. Nimefanya utafiti wangu nikaeleza hewani: ni mpiga gitaa la besi, ambaye kila picha anaonekana mwenye huzuni. Ni dhahiri alifiwa na mkewe majini mwaka sabini na saba, akaimba wimbo huu mara moja tu, wenzake wakashindwa kuutoa kwa heshima. Niseme ukweli, hakuna mahali nimeyasoma haya, lakini mambo yenyewe yanajipanga.

Janelle akamgeukia Toivo. "Mzee, na wewe unasemaje? Ni nani huyu?"

"Ni Denny Farrow," akasema Toivo.

"Acha masihara," nikasema. "Denny na sauti hiyo wapi na wapi?"

"Ni Denny."

Nikangoja. Namjua, baada ya hapo huja mwaka, mwezi, jina la studio na rangi ya zulia lake. Hakuna kilichokuja. Akaangalia dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila theluji. Nadhani sasa anazeeka.

Alhamisi, 9 Februari

Inchi kumi na nne. Nimemaliza kuzoa theluji kwenye njia ya gari saa tano. Katapila likapita saa tano na dakika mbili.

Jumapili, 12 Februari

Mimi hamsini na mbili, Toivo nane. Amekuja na wimbo mzuri kweli wa lile kundi la Kanada la ndugu watatu, na akaueleza kwa sentensi mbili tu. Sijui anaumwa nini. Nimemuuliza kama anakula. Amesema anakula.

Jumanne, 14 Februari

Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Sikutoka.

Jumamosi, 18 Februari

Leo tumemzika Wilma Tregear, miaka tisini na moja. Mwanawe Orrin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinipigia simu Alhamisi. Alitaka Maybelle upigwe wakati jeneza linatoka kanisani. Alisema mama yake alipenda ziwa. Nikamwambia ni heshima kubwa kwangu, na ilikuwa kweli, nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Nimebeba kinanda changu cha santuri mwenyewe hadi kwa Wamethodisti. Wabebaji walikuwa sita, Toivo mmoja wao. Wimbo ulipofika penye ile ngurumo ya meli, nilimwona mabega yanamtikisika. Uso ulikuwa mwekundu, ameuma midomo, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola. Moyo wangu uliniuma. Miaka thelathini na moja nilidhani mtu yule ana daftari la tarehe mahali pa moyo. Alipopita karibu yangu nikamgusa mgongo. Akatoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa, na jeneza likayumba kidogo.

Baadaye kwenye chakula nilimletea kahawa mwenyewe. "Hata mimi, Toivo, kila mara nikiusikia."

"Naona," akasema, na hakuweza kunitazama.

Nimekosea kuhusu mambo mengi katika ndoa ile. Naandika hapa na sitamwambia mtu.

Jumapili, 26 Februari

Mimi mia mbili na tano jumla, yeye arobaini na tisa. Skip wa pikipiki za theluji amesema hewani, katika kipindi chake cha majaribio, kwamba yeye pia hulia.

Jumapili, 5 Machi

Mimi thelathini na nane. Toivo kumi.

Jumapili, 12 Machi

Jua la kwanza. Barafu kwenye paa imeanza kudondoka vipandevipande kama mtu anayevunja vyombo. Janelle ameniambia, kwa sauti ya chini, nianze kufikiria jina la kipindi cha nusu saa. Nimefikiria: Upande wa Pili na Marlys.

Jumanne, 14 Machi

Niandike taratibu.

Asubuhi nilikuwa nakanda unga wa pasti huku nasikiliza zile santuri ndogo, zenye wimbo mmoja kila upande, za mizunguko arobaini na tano. Zikaisha. Nikataka Maybelle. Mikono ina unga hadi kwenye viwiko, nikaiweka ile santuri kubwa kwa vidole viwili, nikashusha sindano, nikarudi mezani. Kitufe cha mwendo sikukigusa, kikabaki kwenye arobaini na tano.

Gitaa likatoka mbio kama limefunguliwa geti. Dramu zinaruka. Na akaanza kuimba Denny Farrow. Filimbi ya treni, Denny yuleyule, kijana mwenye furaha na pengine bia mbili kichwani: toka majini, Maybelle, jua limeshatua. Na ile ngurumo, ile meli kwenye ukungu, meli iliyomliza mwanamke wa migodini, ilikuwa inabweka.

Maybelle ni mbwa.

Ni mbwa, amekataa kutoka ziwani, bwana wake amemshikia taulo, chakula chake kinapoa kwenye bakuli. Mwishoni kabisa, pale ambapo mimi nilikuwa nasikia mtu anazama, anatoka majini na kujikung'uta na bendi nzima inapiga kelele na kucheka.

Nimekaa chini jikoni. Kila mtu anayeshika santuri anajua: kubwa ni thelathini na tatu, ndogo ni arobaini na tano. Mtoto asiyejua kitu angesoma kwanza. Mimi ninayejua sikusoma. Nimetazama sasa kwa kioo cha kukuzia, pale karibu na katikati ambapo huishia mistari, na kuna mkwaruzo wa sindano ya kiwandani: 45.

Nimemtoa Wilma Tregear kanisani kwa wimbo wa mbwa.

Jumatano, 15 Machi

Usingizi sikuupata. Alfajiri nikawaza: sekunde tatu. Toivo alifungua mdomo sekunde ya tatu. Mpiga dramu akijiunga sabini na mbili badala ya sabini na moja Toivo anajua. Asingejua hili?

Nimeendesha hadi kwake na aproni chini ya koti. Alikuwa juu ya ngazi anaangua barafu ya paa.

"Shuka," nikasema.

"Nikishuka sasa hivi ngazi itaganda hapa."

"Toivo, ni mbwa."

Akashuka. Tukasimama kwenye theluji. Hakujifanya hajui ninasema nini, hilo nitampa.

"Ulijua lini?"

"Sekunde ya tatu. Labda ya nne." Akasafisha miwani. "Mwaka sabini na nane kampuni za santuri zilianza kutuma kubwa za arobaini na tano kwa redio, zisikike vizuri. Nilikuwa napakua maboksi kwenye redio ya kule Marquette. Ile ya Maybelle tuliipata. Hakuna aliyeipiga, walisema Thunder Parish hawawezi kuimba wimbo wa mbwa."

"Na ukaniacha. Wiki sita. Ukakaa pale na kikombe kitupu ukinisikiliza naeleza habari za mjane wa gitaa la besi."

"Mgane," akasema. Kisha akafumba macho. "Samahani. Ilinitoka."

"Ulitaka nijiaibishe."

"Marlys." Alisema jina langu kama anavyosema mtu anayeweka kitu kizito chini. "Ulikuwa unalia. Miaka thelathini na moja sijakuona unalia, isipokuwa ile siku basi lilipomgonga kulungu. Ningefanya nini? Niseme umekosea mwendo? Nilishayasema ya namna hiyo siku nyingi. Kwenye mazishi ya mama yako nilimsahihisha padri mwaka aliozaliwa, unakumbuka? Ulikuwa sahihi kuondoka. Nikasema basi, safari hii nanyamaza. Hata mara moja tu."

"Na kanisani? Nilikugusa mgongo, Toivo. Nilidhani unalia."

"Nililia pia. Lakini kabla ya hapo niliuma ulimi nisicheke. Tazama."

Akautoa ulimi pale nje, mzee wa miaka sabini, kwenye baridi ile, na kweli alama ilikuwapo bado.

"Ungesema neno moja tu kwa Janelle, kipindi kingekuwa chako," nikamwambia.

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Mimi huwa naongea hata redio ikiwa imezimwa," akasema. "Wewe unahitaji watu."

Nimerudi nyumbani bila kuaga vizuri. Nilikuwa na hasira, na ilinichukua safari nzima kugundua kwamba hasira yenyewe haikuwa juu yake. Mtu yule ambaye hawezi kupita mbele ya kibao cha barabarani chenye kosa bila kusimamisha gari, amekaa wiki sita na kosa kubwa kuliko yote mdomoni, na amelimeza kwa ajili yangu. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo gumu namna hiyo.

Jumapili, 19 Machi

Sikusema kitu. Niliketi pale, nikaupiga tena polepole, nikapokea simu ishirini na tisa. Toivo hakuniangalia hata mara moja kwa namna ya kunisukuma. Ningependa angefanya hivyo.

Alhamisi, 23 Machi

Mvua juu ya theluji. Kila kitu matope. Nimepita mbele ya duka la Orrin mara tatu na sikushuka garini.

Jumapili, 26 Machi

Kabla ya kipindi nilimwomba Janelle dakika kumi za mwanzo. Alidhani nataka kuaga wasikilizaji kwa niaba ya Toivo. Akanipa.

Nikawaambia wasikilizaji kwamba mimi Marlys Rautio, ambaye nimejipiga kifua miaka tisa kwamba nazijua santuri, nilipiga santuri ya arobaini na tano kwa thelathini na tatu, mara nane hewani na mara moja kanisani. Kwamba hakuna mpiga gitaa aliyefiwa. Nikasema Toivo alijua. Nikasema na sababu ya yeye kunyamaza, yote, ingawa alikuwa ananifanyia ishara ya kukata koo chini ya meza. Kisha nikabonyeza kitufe na kushusha sindano.

Maybelle akabweka Pike Harbor nzima. Janelle nyuma ya kioo aliweka paji la uso mezani na kulitikisa pale.

Simu zikawaka zote. Ya kwanza ilikuwa ya Orrin Tregear. Nilitaka ardhi inimeze.

"Marlys," akasema, hewani, mji mzima unasikia. "Kwa hiyo tumemtoa mama kwa wimbo wa mbwa."

"Ndiyo, Orrin. Nisamehe. Nilipaswa kuja dukani nikwambie mwenyewe, nikaogopa."

"Mama alifuga mbwa tisa," akasema. "Wale ndio aliowapenda. Mimi nilikuwa nafuata baada ya yule mwenye jicho moja." Nikasikia pumzi inakatika, sikujua ni ya upande gani. "Una ule wa mwendo wa kasi bado hapo? Basi upige tena. Mwaka jana mama alimwita mbwa wake wa kwanza kabisa, dirishani, kila jioni. Upige, Marlys."

Nikaupiga. Safari hii nililia kwa mwendo wake halisi, na hakuna aliyenisahihisha.

Baada ya kipindi nikamwambia Janelle azifute simu zote za Maybelle. Akasema watu walizipiga kwa mioyo yao. Nikamwambia walipigia wimbo ambao haupo. Ukizitoa hizo, Toivo sitini na nane, mimi kumi na saba.

"Kipindi sikitaki," akasema Toivo.

"Umeshinda kihesabu," nikamwambia. "Ni haki." Nikachukua koti.

Jumatatu, 27 Machi

Nimepanga santuri. Nimezipangua. Nimezipanga tena.

Jumapili, 2 Aprili

Barafu ya ziwa imeanza kupasuka, mlio wake umefika hadi jikoni. Saa tisa nimekaa mezani mbele ya redio kama mgeni aliyefika mapema. Nilikuwa nimejiapiza nisiwashe. Nikawasha.

Toivo alikuwa peke yake, nusu saa yake. Dakika za mwanzo zilikuwa mbaya. Alitaja tarehe nne bila kuvuta pumzi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia yatosha, twende kwenye wimbo. Nikajikuta naiambia redio yatosha, twende kwenye wimbo. Mbele ya jiko, mtu mzima.

Hatimaye akafika. Akasema atapiga wimbo wa mwisho wa upande wa pili wa albamu ya pili ya Thunder Parish, ambayo, akasema, ilitoka mwaka sabini na nne.

Nikaacha kijiko.

Ilitoka sabini na tatu. Kila mwenye masikio anajua. Mimi naijua tarehe ile kwa sababu Toivo mwenyewe ndiye aliyenifundisha, kwa kunikatiza mbele ya mama yangu, chakula kikiwa mezani. Mtu yule hajawahi kukosea mwaka tangu nimjue. Hata alipopasuliwa nyongo aliamka na kumsahihisha muuguzi.

"Sabini na nne," akasema tena, polepole, kama anayesomea mtu namba ya simu. Kisha hakuweka wimbo. Akanyamaza. Redio haikai kimya, Janelle ana kichaa na jambo hilo, lakini ikakaa. Sekunde tano. Kumi.

Nikainuka, goti likalia, nikachukua simu.

"Upande wa Pili," akasema Janelle. "Jina tafadhali."

"Jina langu unalijua. Niunganishe hewani, mzee amekosea mwaka."

"Laini imeachwa wazi tangu saa tisa, mama," akasema. "Alikataa nipokee mtu mwingine."

Pakasikika mlio mdogo, na sauti yangu mwenyewe ikatoka kwenye redio ya jikoni, nene kuliko ninavyoidhania: "Si sabini na nne, Toivo."

Na upande wa pili yeye akapumua, bila haraka yoyote, kama mtu aliyefika kwake.

"Endelea, Marlys," akasema. "Nisahihishe."